Jina la Jitu la Bwawa la Nambunju

Hapo zamani, na wala si zamani ya kutisha, maana hadubini zilikuwepo na umeme ulikuwa ukikatika kama kawaida, palikuwa na mzee aitwaye Tungaraza. Kazi yake ilikuwa kuchuja maji maabarani, wakitafuta virusi. Mle ndani kila mtu alijua sharti: kirusi ni kidogo mno, hupenya kichujio. Ukikitaka, kitafute kwenye maji yaliyopita. Kilichobaki juu ni uchafu, tupa.

Tungaraza akatupa. Miaka thelathini alitupa.

Sasa kulikuwa na Bi Sikudhani, mkulima wa mchicha kando ya Bwawa la Nambunju. Kila mwaka bwawa lilijaa mwani, likawa kijani, samaki wakahema juujuu. Kisha ndani ya siku nne mwani ukafa wenyewe, maji yakawa meupe, halafu safi. "Kuna kitu humu kinaula huu mwani," akasema. Akachota galoni, akapanda basi, akayaleta maabara. Tungaraza akachuja, akatupa. "Hakuna kitu, mama." Mwaka wa pili akaleta. Akachuja, akatupa. "Hakuna kitu, mama." Wa tatu, wa nne, wa tano, yaleyale. Maabara nzima ikamwita Mama Galoni, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mwaka wa sita alikuja macho yamemvimba. Halmashauri ilikuwa imeamua kulifukia bwawa, ijenge stendi. "Baba, nitazamie mara ya mwisho tu," akasema. Tungaraza akamwonea huruma. Akachuja, kichujio kikaziba. Mkono ulishafika kwenye ndoo ya taka, akausimamisha. Akakipeleka kichujio kwa Daktari Namsifu, mtaalamu wa virusi mlemle maabara.

Mwingine angeona vidude vilivyonasa juu yake, akasema ni bakteria, yakaisha. Daktari hakusema. Miezi minane alifuga mwani kwenye chupa, akautilia vile vidude, akaviona vikiingia, vikizaliana, vikiupasua na kutoka. Akasoma jeni zake, zikapita elfu moja. Lo! Kirusi! Jitu la kirusi, unaliona kwa hadubini ya kawaida, na kwenye kichujio halipiti ng'o.

Ikaja fomu ya kukipa jina, na nafasi ni ya jina moja tu. Wakakaa watatu, chai mezani.

"Kiitwe Nambunju," akasema Bi Sikudhani. "Bwawa likiandikwa vitabuni, nani atathubutu kulifukia? Nimelibeba mgongoni miaka sita."

"Nakuelewa, mama," akasema Daktari. "Lakini mwalimu wangu, marehemu Kaluse, alisema virusi vikubwa hivi vipo. Wakamwita mwongo hadi kaburini. Bila yeye nisingejua ninachokitazama. Nataka kiitwe Kaluse."

Tungaraza akakohoa. "Na mimi Ijumaa nastaafu. Humu ndani hakuna karatasi hata moja yenye jina langu. Mkono huu ndio uliokiokoa."

Wote watatu walikuwa wanasema kweli, na hilo ndilo lililouma. Mwishowe Daktari akamsukumia Tungaraza fomu. "Andika wewe, mzee. Mwandiko wako ndio unaosomeka."

Tungaraza akashika kalamu. Akaiweka. "Mama, ile miaka mitano niliyokuambia hakuna kitu, kilikuwepo. Nilikuwa nakitupa mimi. Ningekitazama siku ile ya kwanza, leo kusingekuwa na habari ya stendi."

Bi Sikudhani akamtazama. Akanywa chai yake yote, taratibu, akageuza kikombe juu ya kisahani.

"Nimesikia, baba," akasema. "Haya, andika."

Tungaraza akaiokota tena kalamu, anayo mkononi mpaka sasa, na nyie mnanikodolea mimi macho. Mimi sikuwepo! Semeni nyie: yule aliyeleta maji mara sita, yule aliyejua kukisoma, na huyu aliyetupa mara tano akaokoa mara moja. Je, Tungaraza aandike jina gani, ndipo Ijumaa atoke pale mlangoni akiwa anaweza kuwatazama wenzake usoni?