Gae la Nasrin

Mfinyanzi hulia gaeni. Mmemrushia fundi cherehani methali hiyo kwa sababu kanzu yake imechanika kwapani, kisha mkacheka. Basi tulieni mwambiwe ilikotoka, maana aliyeitamka kwanza hakuwa na kicheko hata chembe.

Zamani huko Uajemi, katika mtaa wa wafinyanzi, aliishi mwanamke aitwaye Mahrokh. Mumewe, fundi Behruz, alifinyanga mabakuli kwenye gurudumu. Mahrokh alisaga mawe ya rangi, akachora mabakuli hayo kwa rangi ya feruzi jua lenye uso wa mwanamke, nyusi zimeungana. Desturi ya mtaa ilikuwa bibi harusi atoke kwao na bakuli lililochorwa na mama yake, na humo ale mlo wa kwanza ukweni.

Behruz hakuwa mtu mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa sifa. Mkubwa yeyote akimwita fundi wa mafundi, basi, atampa hata kilichofichwa uvunguni. Hivyo ndivyo mabinti wao wawili wakubwa walivyoolewa mikono mitupu, na kila mara aliapa kwamba haitarudiwa. Ilipofika zamu ya Nasrin, kitindamimba, Mahrokh alichora bakuli, akafuta, akachora upya mpaka moyo wake ukaridhika. Behruz akaapa mbele ya tanuri kwamba hilo halitoki.

Siku ya harusi tanuri lilifunguliwa asubuhi. Mahrokh alikwenda kisimani, na huku nyuma akapita mtumishi wa liwali. Aliporudi, bakuli halipo. Mumewe anatabasamu, anamweleza jinsi liwali atakavyowaonyesha wageni wake kazi hiyo. Mahrokh aliogopa kwamba akifungua kinywa atamlaani.

Adhuhuri wakwe walikuja kumchukua Nasrin. Mahrokh alikwenda nyuma ya tanuri, kwenye lundo la vyombo vilivyopasuka, akaokota magae, akayaosha, akapakulia wali na nyama juu yake. Akamwekea kila mtu gae lake, wageni na wenyeji. La Nasrin lilikuwa na nusu ya uso wa jua.

Mama wa bwana harusi alilitazama lake, akauliza kwa utaratibu, "Mama Nasrin, tumewakosea nini?"

"Hamjatukosea, mwenzangu. Nawalisha kama tulavyo sisi. Mfinyanzi hulia gaeni, katika vyombo vizima hula wakubwa."

Behruz aliinamisha kichwa. "Mke wangu, unaniaibisha mbele ya watu."

"Aibu umeipika mwenyewe," Mahrokh alisema. "Mimi nimeipakua tu."

Wakala. Nasrin alipomaliza alilifuta gae lake, akalifunga katika ushungi, akatoka nalo. Mahrokh alimwona, akalia kwa mara ya kwanza siku ile, na yalikuwa machozi ya ghadhabu.

Ukweni, Behruz aliyemsindikiza bintiye aliketishwa mahali pa heshima. Nasrin akaletewa chakula katika sahani ya shaba inayong'aa. Alilifungua gae, akahamishia humo matonge machache.

"Mwanangu," Behruz akamsihi, "sahani si hiyo hapo? Kula humo."

Nasrin alimtazama machoni. "Baba," akasema, "mfinyanzi hulia gaeni."

Akaanza kula, na nyumba nzima hapakuwa na aliyecheka.