Pumzi ya Nyandwi na Viputo vya Sabuni

Zamani povu la sabuni halikuwa na makuu. Lilizaliwa majini na kufia majini. Watu walipofua, lilijikusanya ukingoni mwa chungu, likakaa kidogo, kisha likazama bila kumsumbua mtu. Leo mtoto akipuliza bua la jani la mpapai mnaona viputo vinapaa, vinakimbiana, halafu kimoja kinamfuata mtu na kumpasukia mkononi. Wapo wanaosema ni tabia ya sabuni tu. Wanasema hivyo kwa sababu hawakuuliza. Tabia hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke aliyeitwa Nyandwi.

Nyandwi alikuwa kitinda mimba wa Bibi Inabeza, katika nchi ya michikichi. Aliolewa ng'ambo ya korongo, na kazi yake ilikuwa kupika sabuni kwa mawese na maji makali yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya ndizi. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Ukimwambia jambo haliwezekani, basi umemtuma.

Watu wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Mzazi akikaribia kufa, watoto wake walimjia mmoja mmoja, wakampulizia pumzi katika kiganja cha kulia. Wa mwisho akishamaliza, mzazi alifumba ngumi na kuondoka nazo. Aliyekufa kiganja kikiwa wazi alihesabiwa kuwa hakuzaa, hata kama alijaza nyumba, na jina lake hakupewa mjukuu yeyote.

Inabeza aliugua masika ambayo mto wa korongoni ulifurika ukabeba daraja la kamba. Watoto wake wengine wote walikuwa upande wake, na walikwisha kumpulizia. Nyandwi peke yake alibaki ng'ambo. Korongo halikuwa pana. Alimwona mama yake amekalishwa mlangoni, kiganja juu ya goti, kimefunguka. Kaka yake Misago alisimama ukingoni, mvua ikimnyeshea, akapaza sauti kuyashinda maji.

"Dada, amekataa kulala. Anasema bado mmoja."

"Mwambie asichoke kuningoja," Nyandwi akajibu. "Pumzi yangu inakuja."

Itakujaje, mwenyewe hakujua. Aliinama ukingoni akapuliza kwa nguvu zake zote, upepo ukaichukua pumzi ukaitawanya. Akapuliza ndani ya kibuyu, akakiziba kwa nta, akakirusha. Kibuyu kikaangukia mtoni na mto haukukirudisha. Mama mkwe wake alikuwa akimtazama, na huruma ikamshika.

"Mkwe wangu, pumzi haibebwi kikapuni. Lia kama wenzako wanavyolia, upumzike."

"Nitalia nikishindwa, mama," akasema Nyandwi, akarudi jikoni.

Mikono yake haikuzoea kukaa bure, basi akakoroga sabuni. Huku akikoroga alishusha pumzi ndefu juu ya chungu, na povu likavimba. Akaliangalia sana. Ndani ya lile povu, chini ya ngozi nyembamba ya maji, kulikuwa na pumzi yake, nzima, haijatawanyika. Akaenda kukata bua la jani la mpapai.

Viputo vya kwanza vilipasuka hapo hapo mdomoni. Alikuwa amekosea kosa la wapika sabuni wote, la kuamini kwamba sabuni nzuri ni sabuni kali. Akapunguza maji ya majivu, akatia asali, viputo vikapata ngozi. Akavipuliza mchana, jua likavikausha. Akangoja asubuhi, wakati baridi ya mto bado iko hewani. Pumzi ya mtu ni ya moto, na kilicho moto hutafuta juu, kwa hiyo viputo vikapaa. Nyandwi akavisindikiza kwa macho. Lakini vilipofika katikati ya korongo vilikuwa vimepoa. Vikagandana, vikaanguka pamoja. Havikuwa na wa kuviita upande ule.

Siku zile Radi alikuwa bado anakaa chini, karibu na watu, na masika yote alijilaza juu ya korongo lile. Watu walimkimbia. Nyandwi alisimama mahali peupe akamwita.

"Bwana Radi, wewe ukiutaka mti unaufikia. Nifundishie povu langu njia."

Radi hakuzoea kuombwa, akajibu polepole. "Nikilitia uzi wangu, binti, kila kiputo kitawavuta watu na kuvutwa nao. Lakini wenye uzi wangu hawakai pamoja. Kila kimoja kitamkimbia ndugu yake. Na kikishamgusa kinayemtafuta, hakitakuwapo tena. Hutakiweka, wala hutakirudisha."

"Sikukitengeneza ili nikiweke," akasema Nyandwi.

Radi akagusa chungu. Nywele za Nyandwi zikasimama kichwani, lakini hakuliachia bua. Akapuliza. Viputo vikatawanyika kila upande, na kimoja tu kikashika njia ya korongo. Kilipaa, kikapoa, kikaanza kushuka, lakini safari hii kilishuka huku kinavutwa. Misago akanyoosha mkono kukipokea. Mkono wake ulikuwa umelowa mvua. Kiputo kikatua juu yake, kikateleza bila kudhurika, kikaendelea. Kiganja cha Inabeza kilikuwa kikavu. Kiputo kilipokikaribia kilirefuka kama tone linalotaka kudondoka, kikakigusa, kikapasuka.

Hakukuwa na sauti. Inabeza alisikia unyevu na joto kidogo katikati ya kiganja.

"Huyu ndiye mbishi wangu," akasema, akafumba ngumi.

Nyandwi aliiona ngumi ile kutoka ng'ambo. Hapo ndipo alipokaa chini akalia, na mama mkwe wake akaja akakaa naye.

Na tangu siku hiyo viputo vya sabuni hupaa vikiwa na joto la mtu na kushuka vikipoa. Hukimbiana wenyewe kwa wenyewe, na ukichana nywele kavu kisha ukavisogezea kitana, hugeuka vikakifuata. Mkono uliolowa huvibeba, mkono mkavu huvimaliza. Katika nchi ya michikichi mtu mzima hakipasui kiputo kwa kidole. Hukinyooshea kiganja, kwa kuwa hajui kimetoka kwa nani. Nanyi mtoto akilia kwamba kiputo chake kimepotea, msimnyamazishe kwa kumpulizia kingine. Mwambieni kimefika.