Milango Arobaini ya Kitwana

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake halikunukuliwa ila tarehe zake zilitunzwa vizuri, palikuwa na watu wenye adabu iliyopita kiasi. Kwao mlango ulikuwa jambo zito. Hakuna aliyeupita mlango pasipo kupiga hodi. Akiitikiwa, huingia, huketi, hunywa maji, huulizwa habari za watu na za mifugo, ndipo huomba ruhusa ya kuondoka. Asipoitikiwa mara tatu, hurudi alikotoka. Na apitaye kando ya mlango? Huyo ni mwizi, hata akiwa Jumbe mwenyewe.

Katika kijiji hicho aliishi Kitwana, mchonga milango. Patasi yake ilisema ko… ko… ko… polepole. Mlango wa nyumba yake aliuanza tarehe nne ya mwezi wa Mfungo Mosi, akaumaliza tarehe ishirini na sita Mfungo Kenda, karibu miezi tisa baadaye, siku mbili kabla ya harusi yake. Wapita njia waliufikia, wakasimama, wakanyamaza. Wakiisha kunyamaza, walikwenda zao. Hakuna aliyeagiza.

Kitwana akaingiwa na wasiwasi. Siku ya Mwaka, sikukuu ya kuukaribisha mwaka mpya, ilikuwa inakaribia, na wageni wa vijiji tisa walikuwa waje. Akamwambia mkewe, Mwanahawa, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito:

"Mke wangu, nitajulikanaje kwa mlango mmoja?"

"Chema chajiuza, mume wangu."

"Chajiuza lini? Nitajie tarehe!"

Mwanahawa hakuwa na tarehe. Kitwana akashika patasi. Safari hii ilisema kokokokokoko! Mlango asubuhi, mlango jioni. Kwa siku ishirini alichonga milango arobaini. Akaitoa yote nje, akaisimamisha katika njia kuu, kutoka kisimani hadi nyumbani kwake, mlango baada ya mlango, kila mmoja na miimo yake, imefukiwa ardhini kwa dhiraa mbili. Kulia ua wa michongoma, kushoto ua wa michongoma. Akapanda juu ya pipa akanadi:

"Milango arobaini! Nani mwingine ana arobaini? Atakayekuja Siku ya Mwaka hataweza kutoiona!"

Na kweli, hakuna aliyeweza kutoiona. Mwenye mtungi, akienda kisimani, alifika mlango wa kwanza kwa upande wake akasema, "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi, wenyewe!" Kimya. Akarudi kwao na mtungi mtupu. Mchungaji akarudi na ng'ombe. Ng'ombe nao, kwa kuwa walilelewa vizuri, wakarudi bila kuswagwa.

Siku tatu kabla ya Siku ya Mwaka, Jumatano, jua likiwa limepanda kiasi cha mkuki mmoja, Mwanahawa akashikwa na uchungu.

Kitwana alitoka mbio. Yeye alipita bila shida, maana mwenye mlango hapigi hodi kwake. Akamfikia mkunga, Bi Kidawa, aliyekaa karibu na kisima. Bi Kidawa akachukua mkoba wake akatangulia. Mlango wa kwanza.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Kimya. Bi Kidawa akageuka.

"Wenyewe hawapo," alisema. "Nitakuja kesho."

"Bi Kidawa, mwenyewe ni mimi! Karibu! Karibu ndani!"

"Ahsante, mwanangu." Akapita. Upande wa pili hapakuwa na ndani. Palikuwa na njia ileile na kuku mmoja. Bi Kidawa akaketi chini.

"Mbona unaketi?"

"Nimekaribishwa. Maji yako wapi?"

Kitwana akakimbilia maji. Bi Kidawa akanywa kwa mafunda matatu, akauliza habari za kuku, akaomba ruhusa, akapewa. Mlango wa pili. Hodi. Karibu. Akaketi. Maji. Habari za kuku yuleyule, maana alikuwa amewafuata. Kufika mlango wa nne, kivuli cha Kitwana kilikuwa kimefupika kama kisigino.

Kutoka mwisho wa njia sauti ikaja: "Yalaaa! Kitwana! Nataka mkunga! Milango ninayo!"

Kitwana akashika kichwa. "Bi Kidawa, nakusihi, pita tu!"

"Nipite mlango kama mbuzi? Tumbo limejaa maji, mwanangu, lakini adabu ni adabu."

Watu walikuwa wamekusanyika. Mmoja akapendekeza milango ing'olewe. Wakamzomea: tangu lini mgeni akang'olewa mlango usoni? Ndipo wakaenda kumwita Bibi Mwanamize.

Huyu Bibi Mwanamize ndiye mzee tunayemkumbuka mpaka leo. Alisuka mkeka mmoja kwa mwaka. Hata maneno yake aliyasuka hivyohivyo. Ukimwuliza jambo Jumanne, alikujibu Jumamosi. Siku ile alikuja na mkongojo wake, tik, tik, tik, akausikia ukelele wa Mwanahawa, akasema papo hapo. Watu wakaogopa.

"Kitwana. Huu ni nini?"

"Ni mlango wa tano, Bibi."

"Uliuanza lini?"

"Tarehe tisa, asubuhi."

"Ukaumaliza lini?"

"Tarehe tisa… kabla ya chakula cha mchana."

"Baba yako alikufundisha kushika patasi. Apa kwa jina lake kwamba huu ni mlango."

Kitwana akautazama. Ua la nakshi lilikuwa na petali tatu. Ya nne haikupata nafasi ya kuja. Komeo lilikuwa upande wa bawaba.

"Yalaaa!" ikalia sauti.

"Bibi, wageni wakija watanicheka."

"Watacheka. Huu ni nini?"

"Ni… ubao."

"Wa nyuma hawakusikia."

"Ubao!"

"Ubao haupigiwi hodi," alisema Bibi Mwanamize. "Kidawa, pita."

Bi Kidawa akaurekebisha mtandio wake, akapita. Mlango wa sita. "Na huu?" Ulichongwa samaki mwenye jicho mkiani. "Ubao!" Pita. Wa saba ulikuwa na bawaba moja tu, ukaning'inia wazi, haukufungika kamwe. "Ubao!" Pita. Wa nane, ubao! Wa tisa, ubao! Kijiji kizima kikaitikia, ubao! Na Kitwana kila alipokiri alitoa jasho, maana kila neno lilikuwa nusu siku ya kazi yake.

Wakafika mlango wa thelathini na moja. Kitwana akasita. Jumbe alikuwa kando yake.

"Huo ni wangu," alisema Jumbe. "Uliniahidi."

Mwisho wa njia, Mwanahawa hakupiga tena kelele. Aliugua tu, na kuugua ni kubaya kuliko kelele.

"Ni ubao, Jumbe. Nisamehe."

"Nilijua. Nilimleta mbuzi wangu auone, akacheka."

Pita! Thelathini na mbili, pita! Arobaini, pita! Wakafika nyumbani kwa Kitwana, mbele ya mlango wa harusi.

"Na huu?" aliuliza Bibi Mwanamize.

Mkewe alikuwa upande wa pili. Neno moja tu, ubao, na mkunga angeingia mara moja. Kitwana akaweka kiganja juu ya nakshi.

"Bibi, siwezi kuusingizia. Huu naapa. Ni mlango."

Watu wote wakajipanga nyuma kwa heshima. Bi Kidawa akasimama wima.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Kitwana alifumba macho, maana nyumba yenye mtu huitikiwa na aliye ndani, si na aliye nje.

"Hodi, wenyewe!"

Ndani ya nyumba ikaja sauti nyembamba, yenye hasira, ambayo hakuna aliyepata kuisikia: "Ng'aaa! Ng'aaa!"

Watu wakatazamana. Je, hiyo ni karibu?

"Nimekaribishwa," alisema Bi Kidawa, akaingia. Alimkuta mtoto mkekani, kitovu hakijakatwa, na kondo la nyuma halijatoka. Hapo ndipo kazi yake ilipohitajika. Mwenyeji huyu hakuwa na maji ya kumpa, basi alifanya kazi yake mara moja, na mama akapona.

Siku ya Mwaka wageni wakaja. Mbao arobaini zilikuwa zimeng'olewa, wakazitumia kuketi juu yake wakila. Kisha wakaenda kusimama mbele ya mlango mmoja, maana walikwisha sikia kwamba mchongaji aliikana kazi yake mara thelathini na sita mbele ya watu, na huu, ingawa mkewe alikuwa hatarini, hakuweza kuukana. Watu saba waliagiza.

"Nitachukua mmoja," alisema Kitwana. "Utakuwa tayari tarehe ishirini na sita, Mfungo Kenda."

"Na sisi sita?"

"Ngojeni."

Wakangoja. Kila aliyeambiwa angoje alikwenda kwao akawasimulia wengine.

Basi, wasikilizaji wangu, ukitaka kazi yako ijulikane, usiwazibie watu njia kwa wingi wake. Toa ile moja unayoweza kuiapia siku ambayo kuiapia kuna gharama.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye nyingine na aitoe, lakini moja tu, tena iliyo nzuri.