Kesho ya Mwalimu Gwantwa

Hebu fumba macho kidogo, uone darasa la tatu katika shule moja ya milimani huko Rungwe. Nje mvua inanyesha. Ndani wamebaki watoto sita tu, kila mmoja kwenye dawati lake, na mbele ya kila mmoja kuna kitumbua cha moto juu ya kipande cha gazeti. Harufu ya iliki imejaa chumba kizima.

Mwalimu Gwantwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Kila mtu, hicho ni chake. Anayetaka kula sasa ale, sitamgombeza. Lakini atakayengoja mpaka nirudi, nitampa cha pili."

Akatoka, akazunguka nyuma ya darasa, akachungulia kwenye ufa wa dirisha.

Watoto hawakujua kwamba ule ulikuwa mtihani. Shule yao ilikuwa imepata kabati la vitabu vya hadithi kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Likizo ya Juni ilikuwa inakaribia, na walimu wote walikuwa wanakwenda mjini kwenye mafunzo. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mwangoka, hakutaka vitabu vikae mwezi mzima vikiliwa na mchwa. Aliamua mtoto mmoja akabidhiwe ufunguo. Mtoto huyo angefungua kabati kila Jumatano na Jumamosi, wenzake wakasoma, kisha akafunga. Na yeye peke yake angeruhusiwa kwenda na kitabu nyumbani.

"Nitafutie mtoto anayeweza kujizuia," Mwalimu Mwangoka alikuwa amemwambia Mwalimu Gwantwa. "Sitaki wa kugawa vitabu kama njugu."

Ndipo Mwalimu Gwantwa akachagua sita waliosoma vizuri kuliko wenzao, akaamka alfajiri, akapika vitumbua kwa mchele wa Kyela.

Kupitia ule ufa aliona mengi. Lusajo, mtoto wa mwenye duka, alikalia mikono yake yote miwili, akageukia ukuta, akaanza kuimba jedwali la saba. Asumwisye alifumba macho na kuweka kichwa juu ya dawati kama aliyelala. Mmoja alikiinua kitumbua, akakiramba pembeni, akakirudisha taratibu na kukigeuza ili paliporambwa pasionekane.

Na Bupe?

Bupe alikuwa amemaliza zamani. Ndala za mwalimu zilikuwa bado zinasikika barazani wakati kitumbua chake kiliposhuka. Alijifuta midomo, akakinyoosha kile kipande cha gazeti juu ya goti, akaanza kukisoma. Alisoma mpaka sehemu zilizolowa mafuta.

Mwalimu Gwantwa alivunjika moyo. Moyoni mwake alikuwa amemwombea Bupe ufunguo ule. Mtoto huyo aliishi na bibi yake, na nyumbani kwao hapakuwa na kitabu hata kimoja. Alisoma chochote alichokutana nacho: mifuko ya saruji, maboksi ya sabuni, matangazo ya mwaka juzi yaliyobandikwa zahanati.

Aliporudi darasani aliwapa vya pili wale waliongoja. Yule mwenye kuramba akajitetea kabla hajaulizwa: "Mimi sikukila, mwalimu. Nilikionja tu kama kina sukari."

Watoto wakacheka. Bupe pia akacheka, mikono ikiwa mitupu.

Ofisini, Mwalimu Mwangoka alikuwa tayari ameshika kalamu. Alikuwa ameona yote kutoka barazani.

"Lusajo," alisema akiandika. "Hapo hakuna mjadala. Yule Bupe wako, mwalimu, tumbo lake halina breki."

Mwalimu Gwantwa aligeukia mlango. Alikuwa amefundisha watoto miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kutomhukumu mtoto kabla ya kumuuliza. Akarudi darasani, akamkuta Bupe anafagia.

"Bupe, mwanangu, kuna kitu nataka kukuuliza, na sikuulizi kwa ubaya. Kwa nini hukungoja?"

Bupe aliangalia ufagio. "Nilikuwa na njaa kidogo."

"Wote walikuwa na njaa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi niambie ukweli wote."

Mtoto alifikiri. Alipozungumza, alizungumza polepole na bila hasira, kama anayefanya hesabu ya kujumlisha mbele ya ubao.

"Kile cha kwanza nilikiona, mwalimu. Kile cha pili kilikuwa maneno."

"Maneno yangu?"

"Ndiyo."

"Na maneno yangu yana nini?"

Bupe akauegemeza ufagio ukutani. Kisha akasema, "Kile kitabu chenye picha ya twiga. Ulisema kesho."

 Kwa muda Mwalimu Gwantwa hakukumbuka twiga wala kitabu. Halafu kumbukumbu ikaanza kurudi, kipande kwa kipande. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Mtoto alibaki darasani baada ya kengele, akaomba kukigusa tu kile kitabu cha wanyama kilichokuwa mezani. Naye, kwa furaha ya kweli, akamwambia, "Kesho nitakuazima uende nacho nyumbani."

Kesho yake alisahau. "Ah, nimekiacha nyumbani, kesho!" Siku iliyofuata alikuwa na wageni kutoka wilayani. "Bupe, si unaona nina kazi? Kesho." Baada ya hapo mtoto hakuuliza tena, na mwalimu akadhani amesahau. Lakini mtoto hakuwa amesahau. Alikuwa amenyamaza.

"Ulingoja?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilingoja. Bibi alinifulia kitambaa cha kukifungia kisilowe mvua. Nilikuwa nakuja nacho kila siku kwenye begi. Machi yote, na Aprili yote, mpaka bibi akasema, 'Bupe, rudisha kitambaa changu, nakosa cha kushikia sufuria.'"

Mwalimu Gwantwa alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kifua. Lusajo alingoja dakika kumi, naye akampa kitumbua. Mtoto huyu alingoja miezi miwili, na hakupewa kitu. Na sasa yeye mwenyewe alikuwa amemwona kama asiye na subira.

Jioni ile, kabla hata ya kuvua ndala zilizolowa, alikitafuta kile kitabu. Alikikuta kando ya redio. Juu ya picha ya twiga palikuwa na duara la chai, maana tangu Machi alikuwa akiweka kikombe juu yake.

Asubuhi alifika shuleni kabla ya kengele. Bupe alipotokea getini, mwalimu alimnyooshea kitabu, kimefungwa kwenye kanga safi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Chukua, mwanangu. Kilichelewa kwa makosa yangu. Nisamehe."

Bupe hakunyoosha mkono. Alimtazama mwalimu, akakitazama kitabu, akamtazama tena mwalimu.

"Mwalimu," aliuliza, "leo ndiyo kesho?"

"Ndiyo, Bupe. Leo ndiyo kesho."

Ndipo akakipokea kwa mikono miwili.

Mwalimu Gwantwa alikwenda moja kwa moja ofisini. "Naomba ufute lile jina kwanza," alisema. "Mtihani ule nilitunga mimi, na mimi ndiye niliyefeli." Akaeleza yote.

Mwalimu Mwangoka alikuna kidevu. "Hadithi yako imenigusa. Lakini ufunguo hautunzwi kwa huruma, mwalimu. Mpe kitumbua tena siku ya kufunga shule. Akingoja, tutazungumza."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Katika wiki hizo Mwalimu Gwantwa alifanya jambo moja dogo ambalo halimo katika kitabu chochote cha ualimu alichopata kusoma. Kila alipotaka kusema "kesho" kwa mtoto yeyote, alijiuliza kwanza kama ataweza. Asipoweza, alisema, "Hapana, sitaweza," na watoto walishangaa kuona kwamba hapana ya mwalimu haiumi sana. Akiweza, aliandika kwa kalamu mgongoni mwa mkono wake. Alimwahidi Bupe chaki ya bluu Jumatatu. Jumatatu chaki ikaja. Akamwahidi kumsikiliza akisoma Alhamisi baada ya chakula. Alhamisi akamsikiliza, hata wageni walipobisha hodi.

Siku ya kufunga shule ikafika. Kitumbua kimoja, kipande cha gazeti, maneno yale yale. Safari hii Bupe alikaa peke yake, na Mwalimu Mwangoka mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye ufa wa dirisha.

Mwalimu Gwantwa alikusudia kurudi baada ya dakika kumi. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na mzazi mmoja akaanguka kwenye utelezi wa tope pale getini, ikabidi apelekwe zahanati. Saa nzima ikapita. Aliporudi alikuwa anakimbia, ndala mkononi, cha pili amekishika kwenye karatasi, akijisemea, "Nimemwangusha tena. Nimemwangusha tena."

Alisukuma mlango.

Kitumbua kilikuwepo. Kilikuwa kimepoa kabisa, na mafuta yameenea kwenye gazeti lote. Bupe alikuwa ameliinamia lile gazeti, akilizungusha kidogo kidogo kwa kidole.

"Nimechelewa, mwanangu. Hukuchoka?"

"Nilichoka, mwalimu. Ila nimesoma ukurasa wote." Akanyooshea kidole kitumbua. "Isipokuwa hapo kilipokaa. Nilisema nisikiinue, usije ukafikiri nakula. Naomba sasa nikiinue. Kuna mtu alikuwa anavuka mto, sijui kama alifika."

Nyuma ya dirisha mtu alikohoa. Mwalimu Mwangoka akaingia, akapitisha kiganja machoni kama aliyeingiwa na vumbi, ingawa kwa mvua ile vumbi lingetoka wapi. Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya dawati, karibu na kitumbua.

Lusajo aliposikia alinuna. "Lakini mwalimu, mimi nilingoja! Siku ile nilingoja!"

"Ulingoja, na ulifanya vizuri sana," Mwalimu Gwantwa alimwambia. "Kwenu, baba akisema kesho, inakuwaje?"

Lusajo alilishangaa swali. "Si inakuja?"

"Ndiyo. Kwa hiyo unajua kungoja. Mwenzako alifundishwa vingine, na mmoja wa waliomfundisha ni mimi."

Lusajo akafikiri kidogo, kisha akamgeukia Bupe. "Basi Jumatano usichelewe kufungua, we. Nitakuwa wa kwanza mlangoni."

"Saa mbili," alisema Bupe, "nitakuwepo."

Na Jumatano, saa mbili kamili, mlango ulikuwa wazi.

Funzo: Mtoto hujifunza subira kwa kuona ahadi zikitimia, na mkubwa anayesahau neno lake humfundisha mtoto kutongoja. Kabla hujamwita mtoto mlafi au mkaidi, jiulize amewahi kungoja nini kwako. Na kama utasahau yote uliyosoma hapa, tafadhali kumbuka hili moja: yupo mtoto uliyemwambia "kesho", naye bado anakumbuka.