Wimbo wa Kupimia Jibu la Fisi

Mwaka ule jua liliikausha nyika mpaka ardhi ikapasuka midomo. Visima navyo vilihamahama: leo cha Nyati kimekauka, kesho kimefukuliwa kwingine. Mwenye kiu alilazimika kuuliza, na aliyeelekezwa vibaya hakurudi. Mtoto wa Swala alikuwa hawezi tena kusimama.

"Nataka mwelekezi mmoja, mwepesi kuliko wote!" Simba akanguruma. "Atapewa paja la pundamilia. Na popote atakapoelekeza, nitakunywa wa kwanza. Mimi ni mfalme!"

Wakajitokeza Fisi na Kanga. Sungura akawa mpimaji. Akipaza swali, wanyama wote wanaanza wimbo wa kutwanga. Jibu likitoka, wimbo unakatwa. Anayeukata mapema ndiye mshindi.

"Kisima cha Nyati kiko wapi?"

"Magharibi, kwenye jabali!" Fisi akadakia, hata wimbo haujaanza.

Kanga alipanda kichuguu, akamwita kanga wa bondeni, naye akamwita wa mlimani. Wimbo ukaimbwa, ukarudiwa, Tembo akacheza hadi akamkanyaga Ngiri mkia. Ndipo jibu likarudi kwa kupokezana: "Kusini, penye mchanga mwekundu."

"Dada Kanga, utatuua kwa kiu!" wakamcheka. Majibu yalipishana, lakini nani alijali? Walikwisha kunogewa na kupima, na hakuna hata mmoja wa waliocheka aliyekwenda kuonja maji.

Sungura alijikuna sikio, akauliza: "Kisima cha Bi Mashavu kiko wapi?"

"Mashariki, nyuma ya mgunga!" Fisi akajibu, huku ameshalinyakua paja.

Kanga akaita, akaitikiwa, akaita tena. Waimbaji wakakauka koo. Mwishowe akasema, "Hakipo. Tumeulizana hadi ng'ambo ya mlima, hakuna akijuaye."

Wakaangua kicheko! Simba akatimka mashariki kwa maringo, umati nyuma yake. Chini ya mgunga palikuwa na shimo. Akatumbukiza mdomo wote, akautoa umejaa siafu.

"Huyo Bi Mashavu ni nani?" alifoka, mashavu yake yakivimba.

"Simjui, Mfalme," Sungura akajibu, akigaagaa kwa kicheko. "Nimembuni sasa hivi. Nilitaka kuona nani ataweza kusema hakipo."

Fisi alikwisha kutoka nduki, Simba akimfuata unyounyo. Paja lilidondoka njiani, naye tumbo tupu akakimbilia jangwani.

Swala hakuwepo kuyaona hayo. Alikuwa amemkokota mtoto wake hadi kusini, penye mchanga mwekundu, na sasa mtoto alikuwa amelowa maji hadi masikioni.

Njia ya mwongo ni fupi.