Kimo cha Gari la Mzee Sengondo

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani za juzijuzi tu, huko Usangi kwenye milima ya Upare, aliishi mzee mmoja jina lake Sengondo. Mzee Sengondo hakujaliwa mtoto. Alikuwa na gari, Pijo 404 la rangi ya maziwa, alilolinunua angali kijana. Gari hilo lilishusha wajawazito kwenda hospitali ya bondeni, likashusha wazee, likashusha watoto wenye degedege.

Lakini chuma nacho huchoka. Springi za nyuma zikalala, gari likakaa kama kuku anayeatamia. Kila kona, mawe yakawa yanalikwaruza tumbo. Siku jiwe lilipoacha mkunjo kwenye tangi la mafuta, mzee aliliegesha, akasema mbele ya majirani:

“Macho yangu yamekwisha, siendeshi tena. Atakayelirudisha gari hili kwenye kimo chake, ndiye atakayelichukua. Alichukue pamoja na wagonjwa wake.”

Akasikia Namsifu, mpwa wake. Namsifu alitafuta springi Mwanga, hakuna. Akatafuta Moshi, hakuna. Akatafuta Arusha, wauza vipuri wakamcheka: “Dada, hizo walibaki nazo marehemu.” Siku ya kumi na moja, huko Singida, akakuta mzoga wa Pijo nyuma ya nyumba, kuku wametaga ndani. Akalala chini ya mzoga ule kutwa nzima, akazifungua springi mbili kwa mikono yake, akarudi nazo. Basi lilipomwacha chini ya mlima, alizipandisha mgongoni.

Akaja Kadeghe, fundi. Akalipandisha gari juu ya magogo, akatoa springi zilizolala. Ya kulia ikaingia vizuri. Alipokuwa anaibana ya kushoto, wakasikia mtu analia njiani.

Alikuwa Nakijwa, jirani, na nyuma yake wanaume wanne wamembeba mama yake kwenye machela. Tumbo la mama lilikuwa limekaza kama ubao.

“Mganga wa zahanati kasema apasuliwe leo hii,” Nakijwa alisema. “Gari la zahanati liko gereji mjini. Pikipiki haiwezi kumbeba mtu aliyelala. Kaka Kadeghe, bado kiasi gani?”

“Kidogo, dada. Kidogo tu.”

Kadeghe akaharakisha. Kibano kikateleza. Springi ikaruka kama mnyama aliyetoka mtegoni, ikamvunja mkono wa kushoto. Watu wakapiga yowe. Kadeghe akauma kitambaa, akasema, “Nishikieni kibano,” na kwa mkono mmoja, jasho likimtoka, akaisukuma springi mpaka ikaingia. Wakashusha gari. Likasimama juu! Watu wakashangilia. Wakamlaza mama kwenye kiti cha nyuma, Namsifu akashika usukani, akawasha.

“Ngojeni,” akasema Nakijwa.

Alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu, anapima kwa shubiri kutoka chini hadi ukingo wa bodi. Kulia, shubiri tatu. Akazunguka. Kushoto, shubiri tatu na vidole vitatu. Akapima tena. Vidole vitatu.

“Huku kumezidi.”

“Kuzidi si ndiko tulikokutaka?” Namsifu alifoka. “Mama yako anakufa, wewe unapima!”

“Da Namsifu, haliko sawa.”

“Ondoka, Nakijwa!” watu wakapiga kelele. “Una roho gani wewe?”

Ndani ya gari mama alikuwa anagumia kwa maumivu. Nakijwa alimsikia. Akatazama ule mteremko wenye kona zake, akatazama uso wa mama yake kwenye kioo. Kisha akalala chini, mbele ya gurudumu.

“Nikanyageni kwanza.”

Kadeghe akalaani, akainama na mkono wake uliovunjika, akachungulia chini. Springi ya kushoto haikukaa kwenye bakuli lake, kile kikalio cha chuma kinachoishika. Ilikuwa imepanda ukingo wa bakuli, imeegemea mpira wa breki. Kona ya kwanza ingeichomoa na kuukata mpira, na kona ya pili wasingekuwa na breki.

Wakalipandisha tena kwa jeki. Mama akanyamaza, na ukimya ule ukawa mbaya kuliko kilio. Kadeghe akaelekeza, Namsifu akasukuma, springi ikaingia bakulini kwa kishindo. Nakijwa akapima. Shubiri tatu. Shubiri tatu. Gari likashuka mlima, halikugusa hata jiwe moja. Daktari alipotoka chumba cha upasuaji alisema, “Mngechelewa saa moja zaidi, tungekuwa tunasema mengine.”

Mama alipopona, wote watatu wakaenda kwa Mzee Sengondo.

Namsifu akasema, “Mjomba, bila springi, Kadeghe angefunga nini? Nakijwa angepima nini? Mimi ndiye niliyezileta, na mimi ndiye niliyeendesha.”

Kadeghe akainua mkono uliofungwa plasta. “Mzee, springi mgongoni mwa mtu ni chuma chakavu. Mimi ndiye niliyelipandisha gari. Mkono huu hautakunjuka tena.”

Namsifu akamjibu, “Ulilipandisha vibaya.”

“Na wewe ulitaka kuliendesha hivyohivyo.”

Nakijwa akasema taratibu, “Baba, sikuleta kitu, sikufunga kitu. Lakini ulisema kimo chake. Kimo chake nilikijua mimi, nikakilipia kwa kumsikiliza mama yangu akilia. Bila mimi mngezika watu, na gari lenyewe lingekuwa korongoni.”

Mzee Sengondo akasimama mbele yao, ufunguo mmoja kiganjani, hajui aunyooshe upande gani. Hata leo, watu wa Usangi wakikutana hugombana juu ya jambo hili.

Haya, ninyi mlionisikiliza: aliyeleta springi, aliyezifunga, na aliyelala mbele ya gurudumu. Je, ufunguo ule alistahili nani?