Panzi, Fahali na Daftari la Kona

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya mvua chache tu zilizopita, huko Rungwe waliishi kaka na dada waliokuwa wakishindana mbio za magari. Kaka aliitwa Anyitike, naye ndiye dereva. Dada aliitwa Tusekile, naye ndiye msoma ramani. Alikaa kiti cha kushoto, daftari mapajani, akimtajia kaka yake kila kona kabla hawajaifikia. Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na leo sitaki mtu anijibu huku anacheka.

Gari lao lilikuwa fupi, halina buti la kutokeza, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Walilipa jina la Panzi. Panzi hakuwa na nguvu za kutisha. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa, hata zulia limeng'olewa, na ukikaa ndani unasikia kila kokoto. Lakini mwepesi, jamani! Kona ambazo wenzake walizikanyagia breki, yeye alizipita tu. Tatizo lake ni milima. Mlimani anaachwa, kwenye kona anawafikia, mlimani anaachwa tena. Miaka mitatu waliingia naye mashindanoni, na miaka mitatu wakashika nafasi ya pili.

Mama yao alikuwa mjane mwenye ulimi. Kikombe cha kwanza cha nafasi ya pili kilipofika nyumbani, alikifanya chombo cha kunyweshea kuku. Cha mwaka uliofuata nacho akakifanya chombo cha kunyweshea kuku. Cha tatu alikipokea mlangoni mbele ya wageni, akakipindua pindua, akasema, "Mwanangu, kuku wangu sasa wametosheka na vikombe." Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Anyitike naye alicheka. Tusekile aliyaona macho yake, hakuona kicheko humo.

Mwaka wa nne, mwenye gari, Bwana Mwambeta, mfanyabiashara wa ndizi, aliagiza gari la pili. Kwa sura ni lile lile: bodi ile ile, wekundu ule ule, taa zile zile. Ila waliolitengeneza walilitoa kwa aina mbili, na hii ndiyo ilikuwa aina ya juu. Injini ya turbo, magurudumu yote manne yanavuta. Wakaliita Fahali. Fundi wao, Lugano, aliyapeleka yote mawili kwenye mizani ya kupimia magunia ya viazi. Fahali alimzidi Panzi nguvu karibu mara mbili, na alimzidi uzito kilo mia tatu, nyingi zikiwa mbele, kwenye injini.

Sasa, mashindano yana utaratibu wake. Kabla ya siku yenyewe, kila timu hupewa siku mbili za kupita njia taratibu na kuandika kona. Tusekile alizipa kona namba. Moja ni kona ya kujikunja, unakaribia kusimama. Sita ni kona ya kupita bila kugusa breki. Fahali alikuwa bado anafungwa vipuri, kwa hiyo waliipita njia na Panzi. Namba zote za daftari lile zilikuwa namba za Panzi.

Ijumaa mchana, njia ikiwa imeshafungwa, hakuna tena ruhusa ya kuipita, Bwana Mwambeta akafika na Fahali.

"Kesho mtatoka na hili," alisema.

"Bosi, daftari nimeliandika na Panzi," Tusekile akamwambia.

"Kwani kona zimehama, dada? Gari ni lile lile, limeongezwa nguvu tu."

Lugano alimvuta Anyitike pembeni. "Sikiliza, ndugu yangu. Hili gari ukilikatisha kona linataka kwenda moja kwa moja. Mwambie dada yako kila namba aishushe mbili."

"Usimwambie Tuse. Ataogopa, halafu ataniogopesha na mimi."

Lugano akanyamaza. Akatia sahihi karatasi ya ukaguzi, akaondoka.

Lakini Tusekile hakuwa mjinga. Jumamosi asubuhi alichukua kalamu nyekundu, kila namba akaishusha moja. Moja tu, kwa sababu hakuna aliyemwambia mbili.

Wakatoka. Mlimani Fahali aliwaacha watu midomo wazi. Kwenye kona alikuwa anasitasita. Nusu ya njia wakaambiwa wako nafasi ya pili, kwa sekunde nne.

"Tuse, soma namba za zamani," Anyitike alisema.

"Kaka, namba za zamani ni za Panzi."

"Mama amesema kuku wametosheka. Siendi nyumbani na kikombe kingine. Soma za zamani!"

Akasoma. Kushoto nne, wakapita. Kulia tatu, wakapita. Karibu na mashamba ya chai akasoma, "Kulia tano," na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Fahali hakukata kulia. Alikwenda moja kwa moja, akapasua michai, akaugonga mti wa mgravilia. Tusekile alitolewa na mfupa wa bega uliovunjika. Anyitike alitolewa amekufa.

Siku ya kuanua matanga, mama yao aliketi kwenye mkeka, kanga imefungwa kiunoni, ukoo wote umemzunguka. Hakulia. Alisema, "Pole zenu nimezisikia, zimenitosha. Mimi nataka jina moja. Huyo mmoja sitamsalimia mpaka nizikwe, wala hatakanyaga kaburi la mwanangu. Wengine wote nitawasamehe leo, mkishuhudia. Asiyetaka kusema aondoke."

Bwana Mwambeta akasimama. "Mama, mimi nilileta gari. Sikushika usukani, sikuandika namba. Wangelikataa, Panzi alikuwapo pale pale."

Lugano akasimama. "Mama, mimi nilisema. Nilimwambia dereva, na ndani ya gari dereva ndiye mkubwa. Alinikataza nisiseme zaidi. Kosa langu ni kumheshimu?"

Tusekile akasimama, mkono umefungwa kifuani. "Mama, mimi nilisoma. Nilijua namba si zake, nikasoma. Kaka aliniamuru, lakini mdomo ulikuwa wangu."

Mjomba mmoja akanong'ona kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeamua. Mama akamkata kauli. "Marehemu hana wa kumjibia. Asitajwe hapa!" Kisha akamgeukia binti yake. "Bwana Mwambeta hakuwemo. Lugano hakuwemo. Wewe ulikuwemo, Tusekile, uliyasikia maneno yake ya mwisho. Nitajie jina, nami nitalishika."

Watu wote wakamtazama. Tusekile alifungua mdomo. Nje, mlangoni kabisa, kuku wawili walikuwa wanakunywa maji kwenye kikombe cha mwaka wa tatu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua Anyitike alisema nini pale walipoambiwa wako nafasi ya pili. Akilisema neno lile la kuku, mama atajichukia mwenyewe mpaka kaburini, wala hatathubutu tena kukanyaga alipolala mwanawe. Asipolisema, itabidi ataje mtu mwingine, na huyo mtu atabeba mzigo wote peke yake. Na kama mtu huyo ni yeye, basi atakuwa amempoteza kaka, na mama pia.

Mama akarudia, "Nimtaje nani, mwanangu?"

Haya, wenzangu mnaosikiliza. Aliyeleta gari, aliyenyamaza, aliyesoma, na aliyemtania mwanawe kwa kuku wake. Je, nani kati yao alistahili kutajwa?